Swali la Haki Juu ya Mimba Iliyopotea

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Neno hilo ni la kweli, lakini halimalizi mambo yote. Kuna kuuliza kwa mtu atafutaye njia, na kuna kuuliza kwa askari aliyekwisha shika kamba mkononi. Anayeulizwa hutambua upesi ni nani aliye mbele yake, naye hujibu kwa kadiri ya hayo. Leo, wasomaji wapenzi, tunataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo zito ambalo watu wa hospitali, wa vyuo vikuu na wa serikali wanaliuliza katika nchi yetu ya Kongo: habari za wanawake wanaotoa mimba, na afya yao. Je, kuuliza habari hizo ni halali? Na kama ni halali, swali la namna gani ni la haki?

Wako Wakristo wema wanaosema: "Kutoa mimba ni dhambi kubwa. Kanisa limekwisha sema. Kuna haja gani ya kuhesabu na kupeleleza?" Tunauheshimu uchungu wao. Mafundisho ya Kanisa juu ya uhai wa mtoto aliye tumboni yanajulikana, wala katika ukurasa huu hatuyapunguzi hata kidogo. Lakini mtu aweza kujua kwamba tendo ni baya, asijue bado ni akina nani wanaolitenda, kwa shida gani, na ni nini kinachowapata baadaye. Amri inatufundisha yatupasayo kutenda. Haituambii ni akina mama wangapi wa milima yetu ya Luhwindja wanatokwa damu usiku na kuogopa kwenda kwa mganga. Hilo hujulikana kwa kuuliza tu. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo makosa mengi yanapoingia. Katika Kiswahili tunasema "mimba imetoka", na tunasema "ametoa mimba". Tofauti ni ndogo mdomoni, lakini katika neno la kwanza mama amepatwa na msiba, na katika la pili ameshtakiwa. Sasa tazameni daftari la hospitali. Hospitali zetu zinaandika kwa Kifaransa, na neno la Kifaransa avortement hutumika kwa yote mawili, mimba iliyotoka yenyewe na ile iliyotolewa kwa makusudi, mpaka mwandishi aongeze neno jingine la kupambanua. Mwuguzi mwenye wagonjwa wengi na usingizi machoni aweza kuliacha neno hilo la pili. Mwaka ukiisha, mtu anakuja kuhesabu mistari ya daftari, naye atoka na hesabu isiyojua tofauti kati ya mwenye msiba na mwenye kosa.

Tena Luhwindja watu wanasema Mashi. Swali limeandikwa kwa Kifaransa mjini, likageuzwa kuwa Kiswahili, kisha mwulizaji aligeuza tena kuwa Mashi mlangoni mwa nyumba. Limevuka mito mitatu. Nani amekagua kama limefika na mzigo wake wote?

Kosa la pili ni swali lenye jibu tumboni mwake. Historia ya nchi yetu ina mfano mkubwa. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, watu waliona kwamba katika sehemu za Ekweta, hasa kwa Wamongo, watoto wanazaliwa wachache. Wakubwa wa serikali, waganga na wamisionari walihangaika sana. Wengi wao walishuku kwamba desturi zimelegea na kwamba wanawake wanaharibu mimba kwa dawa za miti. Aliyeshuku hivyo aliuliza, "Kwa nini wanawake hawa wanaharibu mimba?" Baadaye serikali ilifanya uchunguzi mkubwa wa hesabu ya watu, tangu mwaka 1955 hadi 1957. Mtaalamu Anatole Romaniuk alizitumia hesabu hizo, na mwaka 1967 alitoa kitabu chake juu ya uzazi katika Kongo. Alionyesha kwamba shina la jambo lilikuwa utasa, na kwamba utasa huo ulitoka hasa katika magonjwa ya zinaa. Kumbe wanawake wengi walioshukiwa walikuwa wagonjwa, na tena mara nyingi waliambukizwa na waume zao. Kama swali la kwanza lingalikuwa, "Kwa nini watoto hawazaliwi?", dawa ingaliweza kuwafikia mapema.

Basi, tukiisha kusafisha neno, na tukiisha kuondoa jibu tumboni mwa swali, tunaulizaje? Wataalamu wana njia nyingi. Yafaa tuzijue, maana kila njia ina swali lake, na mtu asiyejua swali hataelewa jibu.

Njia ya kwanza ni kuhesabu katika hospitali. Chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Kinshasa kilifanya hivyo pamoja na wataalamu wa Marekani, kwa mwaka 2016. Walikadiria wanawake waliotibiwa hospitalini kwa madhara ya kutoa mimba, wakaondoa makadirio ya zile zilizotoka zenyewe. Wakapata karibu wanawake 38,000. Kisha waliwauliza watu wenye kuijua kazi hiyo: kati ya wanaotoa mimba, ni sehemu gani hupata madhara na kufika hospitalini? Kwa jibu hilo walikadiria kwamba mimba zipatazo 146,700 zilitolewa Kinshasa mwaka ule, yaani 56 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa kuzaa.

Njia ya pili ni kuwauliza wanawake wenyewe nyumbani kwao. Hiyo ilifanyika Kinshasa na Kongo ya Kati, mwaka 2021 na 2022. Wataalamu walijua kwamba mwanamke ataogopa kujitaja. Kwa hiyo walimwuliza habari zake, tena wakamwuliza habari za rafiki yake wa moyoni, bila kutaja jina lake. Walipohesabu kwa marafiki, walipata kwa Kinshasa zaidi ya 100 kwa kila wanawake 1,000 katika mwaka mmoja. Walipohesabu kwa yale ambayo kila mmoja alisema juu ya nafsi yake, hesabu ilishuka sana.

Hapo msomaji mwenye haraka atasema, "Mmoja wao ni mwongo." Sivyo. Wa kwanza aliuliza hospitali zimeona nini, akakisia yaliyobaki nyuma. Wa pili aliuliza marafiki wanajua nini. Mtu akitazama shamba akiwa mlimani, na mwingine akilitazama akiwa bondeni, hawataona mihogo ileile, na wote wawili wanasema kweli. Udanganyifu ungekuja kama mmoja angesema ameliona shamba lote. Ungekuja pia kama mtu angechukua hesabu ya Kinshasa, mji wa mamilioni ya watu, na kutuletea Luhwindja, katika teritwari ya Mwenga, kana kwamba ni yetu. Huku kwetu kuna milima na barabara mbovu. Kuna mgodi wa Twangiza, uliotoa dhahabu yake ya kwanza ya kiwandani mwaka 2011, na kuna vijana wengi wanaochimba kwa mikono. Maisha ya wasichana wa mahali pa dhahabu yana hatari zake. Yanataka swali lake.

Njia ya tatu ni kuuliza juu ya wafu. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2013 na 2014, wanawake waliulizwa habari za dada zao waliozaliwa nao kwa mama mmoja: nani yu hai, nani amekufa, na kama alikufa akiwa mja mzito, au wakati wa kuzaa, au muda mfupi baadaye. Kwa njia hiyo ilikadiriwa kwamba akina mama 846 walikufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hesabu hiyo inatisha. Lakini fikirini: msichana aliyekufa katika mwezi wa pili wa mimba, na ambaye hakumwambia mtu, dada yake atamhesabu namna gani? Atasema, "Alikufa kwa tumbo." Waliokufa kwa siri hubaki nje ya hesabu.

Ndiyo maana njia ya nne ni ya lazima, nayo ni kusikiliza. Mwaka 2012 mjini Bukavu watafiti waliwatafuta wanawake waliopata mimba kwa kubakwa katika vita. Hawakupita nyumba kwa nyumba. Mwanamke mmoja alimwalika mwenzake amjuaye, na huyo akamwalika mwingine, ili asiyetaka kujulikana asijulikane. Walikuwamo waliokuwa wakiwalea watoto wao, na walikuwamo waliotoa mimba. Baadhi yao walihesabiwa katika maswali mafupi; baadhi waliketi na kusimulia kwa maneno yao wenyewe. Masimulizi hayo hayawezi kutuambia ni wangapi. Lakini yanatuambia jinsi uamuzi ulivyofikiwa, nani alikuwa karibu, nani alimkimbia. Hesabu haina mahali pa kuandika hayo.

Sasa tunafika penye haki yenyewe. Swali laweza kuwa safi kwa elimu, likawa baya kwa tendo. Sheria ya makosa ya Kongo ya mwaka 1940 inampa mwanamke aliyetoa mimba kifungo cha miaka 5 hadi 10. Ni kweli kwamba Mapatano ya Maputo, yaliyotangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2018, yanaruhusu jambo hilo penye kubakwa, penye zinaa ya ndugu, na penye hatari kwa afya au uhai wa mama. Kanisa halikubadili mafundisho yake kwa sababu hiyo. Lakini tuyaonayo ni haya: mwanamke anayeulizwa hajui kama karatasi ile itakwenda kwa hakimu, kwa mume wake, au kwa mama mkwe. Anayemwuliza mbele ya watu, au anayeandika jina lake, amemtia hatarini kwa ajili ya hesabu yake. Mtu si daftari la kufunguliwa na kila apitaye.

Sisi Wakatoliki tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana tunajua siri ya kitubio. Marehemu Papa Fransisko, mwaka 2016, aliwapa mapadre wote kwa kudumu uwezo wa kuondolea dhambi ya kutoa mimba. Alitaka kizuizi kisisimame kati ya mwenye majuto na msamaha. Mtafiti si padre, na karatasi yake si kiti cha kitubio. Lakini naye anapokea neno ambalo mama hakuwaambia hata ndugu zake. Analipokea kama amana.

Kwa hiyo, mtafiti akija kwetu na akiomba tumsaidie kukutanisha akina mama, tusimfukuze, wala tusimfungulie mlango kabla ya kumwuliza sisi mambo manne. Unataka kujua nini hasa, na njia uliyoichagua yaweza kukuonyesha hilo? Neno lako katika Mashi linasemaje? Mama akisema kweli, nani atailinda? Na ukimkuta mama anaumwa leo, utampeleka wapi? Asiyeweza kujibu la nne, na aondoke kwanza akajitayarishe. Haifai kumwuliza mgonjwa habari za jeraha lake, kuandika, kisha kwenda zako.

Nasi tuliobaki vijijini, viongozi wa mashirika, wakatekista na mama Wakristo, tuna sehemu yetu. Msichana akikutwa anatokwa damu, swali letu la kwanza lisiwe "Umefanya nini?" Liwe "Tangu saa ngapi?" Mganga atalihitaji jibu la pili ili amwokoe. Jibu la kwanza laweza kungoja mpaka apone, na huenda kwa msiba wake halikuwapo kabisa.