Nani Mwenye Haki ya Kulihukumu Koti?

Koti la kupimisha hushonwa kwa ajili ya mwili mmoja. Likikosewa, haliwezi kutundikwa tena dukani limngoje mnunuzi mwingine. Kwa hiyo swali la fundi, "Limekukaa?", lina uzito wake. Insha hii inachukua mfano wa koti la twidi, kile kitambaa kizito cha sufu kilichopata sifa yake Uskoti, na kuuliza: hukumu ni ya mvaaji au ya fundi?

Katika kitabu chake kuhusu siasa, Aristotle anasema zipo kazi ambazo aliyezifanya si hakimu wake bora. Anayeishi katika nyumba huijua kuliko mjenzi, na mgeni hukihukumu chakula kuliko mpishi. Wahenga wetu nao walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hoja hii, hakimu ni mvaaji. Yeye pekee ndiye anayejua kwamba kwapa linabana anapoinua mkono kuandika ubaoni, au kwamba mgongo unamvuta anapoketi.

Hata hivyo, hoja hii haitoshi. Hakuna mtu anayeuona mgongo wake. Akigeuza shingo ajitazame kiooni, mabega nayo hugeuka, na mikunjo anayoiona ameisababisha mwenyewe. Fundi aliyesimama nyuma yake huona mengi: kola imeachana na shingo; kitambaa kimejikunja chini ya kola; mkono wa koti umejisokota kwa sababu haukushonewa kufuata jinsi mkono wa mvaaji unavyoning'inia. Akija mbele, mikunjo inayokutana kwenye kifungo humwambia kwamba kiuno kimebana.

Isitoshe, mvaaji ni shahidi anayejipendelea. Akiambiwa asimame apimwe, hutoa kifua na kuvuta tumbo ndani. Koti basi hushonewa mtu aliyeishi kwa dakika tano tu. Siku ya pili anaporudia kuinama kwake kwa kawaida, kola inaachana na shingo, naye analaumu mkasi.

Hukumu pia hutegemea kusudi. Twidi ni nguo ya baridi, na mara nyingi huvaliwa juu ya sweta. Nafasi ambayo ingekuwa kupwaya katika suti nyepesi huwa ni haki yake katika koti hili. Anayelipunguza hadi ligande mwilini amesahihisha kisichokuwa kosa.

Kuhusu kusahihisha, makosa hayalingani. Kiuno hupunguzwa kwa urahisi, na urefu wa mikono pia. Bega ni jambo jingine: lazima mkono ufumuliwe, na pengine kola pia. Kuongeza ni kugumu zaidi, kwa sababu kilichokwisha kukatwa hakirudi. Ndiyo maana fundi mwema huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Akiba hiyo ni maadili yaliyoshonwa: fundi anakubali mapema kwamba huenda amekosea, na anamwachia atakayerekebisha mahali pa kuanzia. Twidi humsaidia, maana uso wake wenye nyuzi nzito huficha alama za mshono wa zamani kuliko kitambaa laini.

Kwa kuhitimisha, mvaaji ni shahidi wa ndani na fundi ni shahidi wa nje. Kila mmoja anajua asichokijua mwenzake. Hukumu ya haki inahitaji wote wawili, na kila mmoja ana wajibu wake. Fundi asimtulize mteja kwa kumwambia "litazoea mwili" huku akiona kola imeachana na shingo. Mvaaji naye asimame kama anavyosimama siku zote, na aseme panapombana kabla koti halijamalizwa. Anayenyamaza mbele ya kioo kwa kuona haya, kisha akalalamika kwa marafiki, hajamheshimu fundi. Amemnyima nafasi ya kurekebisha kazi yake.