Juu ya Kulitengeneza Kosa

Wazee wa Newala wazikumbuka siku ambazo mabomba ya maji yalikuwa hayajafika juu ya uwanda wa Wamakonde. Nchi ile ya juu haina mito. Basi wanawake walishuka miteremko mikali alfajiri, wakateka maji bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Tufikiri mwanamke mmoja amekaribia mlango wake, na kijana apitaye mbio akamkumba, mtungi ukaanguka ukavunjika. Je, kijana huyu adaiwa nini?

Mmoja atasema: Adaiwa mtungi. Ni kweli, na akileta mtungi mwingine mzima, huko ndiko kurudisha. Lakini maji yamekwisha kunywewa na mchanga, na asubuhi ya mama yule hairudi tena. Kwa hiyo hutafutwa kitu cha kulingana nayo: kijana ashuke mwenyewe bondeni, au alipe. Hiyo ndiyo fidia. Wa tatu atasema: Alimkumba mama wa watu, wala hakusimama kusema neno, adaiwa kuomba radhi. Na wa nne atasema: Tangu siku ile nyumba hizi mbili hazisalimiani, wadaiwa kupatana. Basi madeni ni manne, wala moja halilipwi kwa sarafu ya jingine.

Waingereza nao wana maneno yao, na ajifunzaye lugha yao huyachanganya upesi. Restitution ni kukirudisha kitu chenyewe mahali pake. Compensation, kwa asili yake ya Kilatini, ni kupima vitu viwili pamoja katika mizani. Reparation ni kutengeneza kilichoharibika. Atonement limejengwa kwa maneno madogo yenye maana ya kuwa kitu kimoja. Nalo ndilo neno lao la upatanisho. Na apology, ambalo leo ni kuomba radhi, latoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kujitetea barazani. Hapo tujihadhari! Maana mara ngapi mtu huanza kuomba radhi, na kabla hajamaliza amekwisha kuwa wakili wake mwenyewe: "Nisamehe, lakini wewe nawe ulisimama njiani."

Nchi hii imeyajua madeni hayo kwa uchungu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliondoka Lindi na watu waliookolewa katika utumwa, wakafanya makao Masasi. Uhuru wao walirudishiwa. Bali utoto wao, na mama zao walioachwa njiani, ni nani angewarudishia? Kisha mwaka 1905 vita vya Majimaji vilifika Masasi, na kituo cha misheni kikaharibiwa. Ili kuivunja vita, jeshi la Wajerumani liliteketeza vyakula na mashamba katika nchi ya kusini, njaa ikafuata. Baadhi ya wanahistoria hukadiria kuwa waliokufa walifika 300,000.

Miaka mingi ikapita. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda babu zetu. Nasi Walutheri, ambao wamisionari wetu wa kwanza walitoka Ujerumani, hatuwezi kuyasikia hayo kama habari za watu wengine. Wako waliosema: Neno latosha, kwani wenye kosa wamekwisha kufa. Wako waliosema: Neno pasipo mali ni upepo. Na katika habari ya Namibia, mwaka 2021, Ujerumani ilikubali kutoa euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, lakini ikajizuia kuziita fedha hizo kwa neno la kisheria la kulipia kosa. Hivyo twaona kwamba hata serikali hupima maneno haya kwa mizani.

Sisi twaona kwamba kila deni ladai haki yake. Jumbe Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906, na wazao wake wangali wakitafuta fuvu la kichwa chake. Mfupa ni kitu cha kurudishwa, kama ukionekana. Hotuba njema haiwezi kusimama mahali pake. Lakini watoto waliokufa kwa njaa hawarudi, wala hakuna fedha iliyo sawa nao katika mizani. Mbele yao neno la kweli lahitajika kwanza, na fidia ifuate kama ushahidi wa neno, isiwe bei ya wafu.

Msomaji aweza kutuuliza: Je, hatukufundishwa kwamba msamaha ni wa bure? Ndiyo, twafundisha hivyo. Mwaka 1517 Martin Luther alitoa hoja zake 95 huko Wittenberg kwa sababu vyeti vya msamaha viliuzwa, na watu wakaweka fedha mahali pa toba. Lakini sisi tulio wana wa mafundisho yake twaweza kuanguka upande wa pili, tukaweka toba mahali pa fedha. Mtu akata mikorosho ya jirani, au ala mali ya mayatima wa ndugu yake, kisha aungama Jumapili, alia machozi, ashiriki Meza ya Bwana, na Jumatatu mali ingali nyumbani mwake. Akidaiwa, hujibu: "Mungu amekwisha kunisamehe." Rafiki, Mungu amekusamehe deni lako kwake, mikorosho haikuwa ya Mungu peke yake. Zakayo hakununua neema. Neema ilipoingia nyumbani mwake, ndipo mkono wake ulipofunguka, akaahidi kurudisha mara nne.

Na asiye na kitu je? Ashuke bondeni. Mwenye miguu na mikono hakosi cha kutoa, na mwenye kudai apokee kwa kiasi, asimfanye mdeni wake mtumwa.

Turudi basi kwa yule mama. Kijana na alete mtungi. Na ashuke akateke maji. Na aseme neno lake pasipo "lakini". Hayo matatu ni yake. La nne hawezi kulilipa peke yake, maana kupatana kwataka wawili. Asimhimize mama, wala wazee wa kanisa wasimlazimishe kushika mkono ambao moyo wake haujaukubali. Na angoje mlangoni kwa adabu, akijua ya kuwa mlango hufunguliwa na aliye ndani.