Mchelea Mwana Kulia Hulia Nani?

Mtoto amejibwaga sakafuni dukani akililia pipi. Mama ananunua upesi ili watu waache kumtazama, na bibi aliye nyuma yao anaguna: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengi tunaijua methali hii kwa namna hiyo, kama fimbo ya wazee. Ila sikiliza neno la kwanza. Kuchelea kumetokana na -cha, lile lile la mcha Mungu. Mzazi halaumiwi kwa kumpenda mwanawe. Analaumiwa kwa kumwogopa.

Niliikumbuka nikifuatilia kesi ya Oxford, mji mdogo wa jimbo la Michigan, Marekani. Novemba 26, 2021, baba alimnunulia mwanawe wa miaka 15 bastola, zawadi ya Krismasi kabla Krismasi haijafika. Siku tatu baadaye kijana alionekana darasani akitafuta risasi kwenye simu, shule ikamwachia mama ujumbe. Mama akamwandikia mwanawe kwamba hakukasirika, ila ajifunze kutokamatwa. Yule bibi wa dukani angeguna mara mbili.

Asubuhi iliyofuata, kwenye karatasi ya hesabu, kijana alichora bastola na mtu anayevuja damu, akaandika kuwa mawazo hayakomi, asaidiwe. Wazazi wakaitwa shuleni. Waliiona karatasi, hawakutaja bastola, wakarudi kazini bila mtoto. Begi lake likarudi mkononi mwake bila mtu kulifungua. Mchana aliua wanafunzi wanne, akajeruhi wengine sita na mwalimu.

Kumbe vilio ni viwili. Kipo cha kutaka kitu na kipo cha kuomba msaada. Cha kwanza kilijibiwa kwa bastola. Cha pili kilibaki kwenye karatasi. Wahenga walituonya juu ya kile cha kwanza tu. Nadhani hawakufikiri kwamba kuna mzazi atakayehitaji kufundishwa kukisikia cha pili.

Wapo wanaosema kumfunga mzazi ni kumpunguzia mwana kosa lake. Mahakama hazikumpunguzia: Desemba 2023 alihukumiwa kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiliwa. Mwaka 2024 mama na baba, kila mmoja kwa kesi yake, walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, wakapewa miaka 10 hadi 15. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kupatikana na kosa hilo kwa shambulio la mtoto wao shuleni. Lawama si mkate, kwamba ukimkatia huyu, yule atabaki na kipande kidogo. Maofisa wa shule hawakushtakiwa kwa jinai, lakini mimi lile begi bado linanisumbua.

Ninapobishana na wahenga ni kwenye neno la mwisho. Hulia yeye? Aprili 9, 2024, wazazi wa wale waliouawa walisimama mahakamani kueleza walichopokonywa. Wao hawakumchelea mwana wa mtu yeyote.