Dawa Inayotuliza Maumivu kwa Usiku Mmoja

Luhwindja, kwenye milima ya Mwenga huko Kivu Kusini, magoti hayaharibiwi na uzee peke yake. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kutoa dhahabu ya Twangiza mwaka 2011, lakini wachimbaji wa mikono hawakuondoka, na pamoja nao wapo akina mama wanaopandisha na kuteremsha mawe mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso. Wengine huyatwanga mawe hayo mpaka yawe unga. Mama wa kazi hiyo akishindwa kuinuka asubuhi, hana wiki mbili za kungojea daktari. Anataka kesho asimame, maana asiposimama nyumbani hakuna bugali.

Ni haja hiyo inayomtafutia muuza dawa za viungo wateja. Ana majani ya kuchemsha, mafuta ya kukandia, pembe ya kuumikia, wembe wa kuchanjia chale za kupaka unga mweusi, na vidonge vya kuhesabiwa vinavyofungwa kwenye karatasi isiyo na jina.

Si haki kuvihukumu vyote kwa pamoja. Kukandwa na mikono inayojua kazi kunaweza kumpa mtu nafuu ya kweli, na nguvu ya mimea si uongo: chanzo cha aspirini kilikuwa gome la mti. Wembe ni habari nyingine. Ukishapita kwenye ngozi ya mtu mmoja kisha ukapita kwa wa pili, unaweza kumwachia homa ya ini aina ya B au virusi vya ukimwi. Na pepopunda haihitaji jeraha kubwa.

Hata hivyo, dawa ya kuogopwa kuliko zote ni ile inayofanya kazi upesi mno. Aliyekunywa unga wa mizizi jioni akaamka hana maumivu hata kidogo ana kila sababu ya kuuliza mna nini ndani yake. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipima vidonge vya viungo vya Artri King, vilivyouzwa kama virutubisho vya asili. Ilikuta deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa popote kwenye kifurushi. Taarifa za ini kuharibika, na hata za vifo, zilikuwa zimekwisha kuifikia. Ikiwa hayo yalipita katika nchi yenye maabara na wakaguzi wengi, karatasi isiyo na jina sokoni itakaguliwa na nani?

Deksamethasoni, ambayo wengi huiita dexa, ni dawa halali na huokoa maisha inapotolewa kwa kipimo. Ikinywewa kwa miezi bila kipimo, uso hujaa, na jirani husifu kwamba mama amenenepa, amepona. Ndani yake sukari inapanda, mifupa inapungua nguvu, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Wengine kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu na kufa, hivyo nyonga iliyokuwa ikiuma kidogo ikawa haikanyagiki tena. Diklofenaki nayo hutoboa tumbo na kuumiza figo, hasa za mtu anayetoka jasho kutwa nzima na kunywa maji kidogo.

Watoto ndio wanaostahili kutetewa kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto wa miezi minane akivimba mikono na miguu na kulia akiguswa, wapo watakaosema ni baridi, na wapo watakaosema amerogwa. Huenda ana ugonjwa wa seli mundu, ule ambao Wakongo wanauita SS. Uchunguzi uliofanywa kwa zaidi ya watoto wachanga 30,000 wa Kinshasa ulikuta asilimia 1.4 wamezaliwa nao. Mtoto huyo mwili wake haupigani vizuri na vijidudu. Kila chale anayochanjwa ni mlango unaofunguliwa. Anahitaji kupimwa damu, kupewa maji ya kutosha na dawa za kumkinga na maambukizi, na homa yake haifai kulala nyumbani.

Waganga hawataondoka, na kuwatukana hakujawahi kumrudisha mgonjwa hospitalini. Mgonjwa aliyewahi kufokewa na muuguzi hujifunza kuficha anachokunywa, na siri hiyo humponza kuliko majani yenyewe. Swali la kwanza kwenye kituo cha afya lingekuwa hili, likiulizwa kwa upole: mama, unatumia nini kingine? Alete na karatasi yenyewe. Aliyezoea dexa kwa muda mrefu asiitupe kwa siku moja pia, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zake zinakuwa zimeacha kutengeneza homoni ya mwili inayofanana na dawa hiyo, na kuikatiza ghafla kunaweza kumwangusha, shinikizo la damu likashuka na akafa. Hupunguzwa kidogo kidogo, chini ya mtu anayejua kipimo.