Mwanangu, Umeipata Wapi?



Bwana wetu alisimulia habari za tajiri aliyeazimu kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, na usiku ule ule akadaiwa roho yake (Luka 12). Mtu wa namna hiyo alionekana huko Kolombia, jina lake Pablo Escobar.

Alizaliwa mwaka 1949, baba mkulima, mama mwalimu wa shule. Kwa biashara ya kokeini alipata mali nyingi mno, hata mwaka 1987 gazeti la Forbes la Marekani likamhesabu miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia. Mjini Medellín aliwajengea nyumba maskini waliokuwa wakiishi jalalani, akatengeneza viwanja vya mpira, na watu wakamsifu. Mwaka 1982 alichaguliwa kuwa mbunge wa akiba.

Lakini mwaka 1983 wawili walithubutu kuuliza fedha hiyo imetoka wapi. Waziri wa Sheria, Rodrigo Lara Bonilla, alilitaja jambo hilo waziwazi. Mhariri Guillermo Cano alichapa tena habari za Escobar kukamatwa na kokeini mwaka 1976. Waziri aliuawa mwaka 1984, mhariri mwaka 1986. Mwaka 1989 bomu lililipua ndege ya abiria, wakafa wote 107 waliokuwamo.

Na mwisho wake ulikuwaje? Mwaka 1991 alijisalimisha, akakaa katika gereza alilojijengea mwenyewe. Mwaka uliofuata akatoroka. Tarehe 2 Desemba 1993, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 44, alipigwa risasi akafa juu ya paa la nyumba, miguu mitupu. Mwenye Zaburi ya 37 alikwisha kumwona mwovu akistawi kama mti, kisha akapita tena asimwone.

Maelfu walimlilia mazikoni. Tusiwacheke. Mtu aliyetolewa jalalani hauchunguzi mkono uliomtoa. Hata hivyo nabii Habakuki anamtangazia ole ajengaye mji kwa damu, wala hasemi kwamba ole hiyo huondoka maskini wakipewa vyumba.

Ndugu zangu, nami nina la kuungama. Miaka iliyopita kijana niliyemfundisha kusoma alirudi kutoka mjini na gari zuri. Siku ya mchango wa kuezeka kanisa alitoa bati zote peke yake. Tulimketisha kiti cha mbele, na mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi. Sikumwuliza neno. Baadaye alifungwa kwa biashara ya dawa za kulevya. Nilipokwenda kumtazama gerezani, nilikosa la kumwambia, maana makofi yangu aliyasikia.

Wale wawili wa Kolombia waliuliza, wakalipa kwa uhai wao. Sisi tunaogopa nini? Tunaogopa kukosa bati tu! Kumbe kumwuliza kijana, "Mwanangu, umeipata wapi?" si wivu wala dharau. Ni kumpenda kabla hajapotea. Wazazi, ulizeni nyumbani. Wazee wa kanisa, ulizeni kabla ya kupokea. Na kijana akikiri, msimfukuze. Zakayo alikiri akarudisha, na wokovu ukaingia nyumbani mwake siku ile ile.

Heri tuabudu chini ya mwembe tukiwa na watoto wetu, kuliko chini ya paa jipya tukiwa tumewapoteza.

Bwana atupe ujasiri wa kuuliza. Amina.