Punda Akisimama, Simama Naye

Mwanangu, maneno haya nimewaambia waendesha mikokoteni wa kila rika, na kusema kweli nimechoka kuyasema. Lakini bado nasikia fimbo zikilia kwenye njia za kuingia Tunduma, kwa hiyo kaa hapa unisikilize mara nyingine. Punda aliyevuta vizuri tangu alfajiri, kisha akasimama ghafla katikati ya njia, hashindani nawe. Huyo anaumwa.

Najua utaniambia punda haendi bila kigongo. Methali hiyo imewaua punda wengi. Mnyama huyu huficha maumivu. Farasi akisokotwa na tumbo hutoka jasho, hujigaragaza, hujipiga tumboni kwa kwato, na hata mtoto hujua kuna jambo. Punda huinamisha kichwa tu, masikio yakalegea, na majani akayaacha. Ukingoja mpaka aanguke na kugaragara kwa uchungu, ujue ugonjwa umekwenda mbali sana. Fimbo unayompiga wakati huo inamwangukia mgonjwa.

Basi akisimama, kazi ya siku hiyo imekwisha. Mfungue kwanza, hata kama ni barabarani na malori ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia, yamepanga foleni yakikupigia honi. Shusha mzigo, mtoe njiani, mpeleke kivulini. Kama huvuta na mwenzake, mwache mwenzake karibu, maana punda waliozoeana wakitenganishwa, mgonjwa huzidi kudhoofu. Kisha mtazame kwa utulivu. Punda mzima aliyepumzika huvuta pumzi kama mara 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga kama mara 44. Mfunue mdomo: fizi ziwe na rangi ya waridi na umajimaji. Zikiwa nyekundu ya tofali au za kijivu, hali ni mbaya. Weka sikio ubavuni, kulia na kushoto. Tumbo zima hunguruma, na tumbo lililonyamaza kabisa ni la kuogopwa. Angalia pia kama amepata choo. Hayo yote mweleze bwana mifugo kwa simu, na namba yake uwe nayo kabla siku mbaya haijafika.

Wakati unamsubiri, watu watakuzunguka, kila mmoja na dawa yake. Mmoja atakuletea soda, mwingine mafuta ya kula, mwingine maji ya sabuni kwenye chupa. Wakatalie wote kwa adabu. Ukimmiminia mdomoni kwa nguvu, kitu hicho huweza kuingia mapafuni, na punda aliyekuwa na tumbo peke yake akafa kwa mapafu. Vidonge vyako vya maumivu navyo usimpe. Akitaka kutembea polepole, mtembeze kidogo, lakini usimkokote. Maji safi yawe karibu naye, anywe akitaka mwenyewe.

Na hapo kwenye maji ndipo moyo wangu unapouma. Wapo punda wanaosomba madumu ya maji mchana kutwa katika kiangazi chetu, na jioni hakuna aliyekumbuka kuwanywesha. Punda mwenye kiu, anayekula mabua makavu, tumbo lake huziba. Wengine huachwa wajitafutie jalalani nyuma ya soko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Tanzania tangu Juni 2019, lakini vipande vyake na kamba za magunia bado vipo, na punda mwenye njaa hachagui. Wakati wa mavuno nako mtu humwagia pumba nyingi kwa siku moja punda aliyezoea majani, akidhani anamtendea wema. Chakula kipya huongezwa kidogo kidogo, kwa siku kadhaa.

Akigoma kula, usiseme kesho atakula. Punda, hasa mnene au mwenye mimba, akikaa siku mbili bila chakula, mafuta ya mwilini hujaa kwenye damu na kuharibu ini. Wengi hufa kwa hilo wakati ugonjwa wa kwanza ungetibika.

Atakuja pia mtu wa kukunong'oneza umuuzie, ngozi ina soko. Mkatalie. Umoja wa Afrika ulipiga marufuku biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi Februari 2024, kwa miaka 15, kwa sababu punda walikuwa wanatuishia. Na wewe nani atakuvutia mkokoteni?

Mwenye mahindi yaliyokuwa kwenye mkokoteni atanung'unika. Mwambie ukweli, mtafutie guta au mkokoteni wa jirani, na kama alishakulipa mrudishie fedha yake. Punda akipona, usimrudishe kwenye gunia siku anayoanza kula. Mwache apumzike mpaka choo chake kiwe cha kawaida, kisha mfunge kwenye mkokoteni mtupu, asubuhi kungali na baridi, umbali mfupi, na fimbo uiache nyumbani.