Sifa ya Mwalimu

Je, mwalimu aweza kumwambia kweli mwanafunzi ambaye ndiye ampaye mkate wake? Swali hili si la shule peke yake. Karani huulizwa na moyo wake kila aonapo kosa katika hesabu iliyofanywa na bwana wake, na mshairi huulizwa atungapo beti za kumtukuza tajiri. Lakini ni watu wachache walioulizwa kwa muda mrefu kama Johann Joachim Quantz, Mjerumani, mpiga filimbi, aliyemfundisha mwanafunzi mmoja kwa miaka zaidi ya 40, na mwanafunzi huyo alikuwa mfalme.

Quantz alizaliwa mwaka 1697, mwana wa mhunzi. Yamkini angaliishi na kufa kando ya mafua, walakini baba yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka kama kumi, akachukuliwa na ami yake, aliyekuwa mwanamuziki wa mji wa Merseburg. Siku zile mwanagenzi wa muziki alifundishwa kama mwanagenzi wa seremala: hakuchagua chombo kimoja akakipenda, alishika kila chombo alichopewa. Quantz alijifunza fidla, tarumbeta, na obo, ambayo ni ndugu wa zumari livumalo katika arusi za pwani yetu. Mwaka 1718 aliajiriwa kupiga obo katika kundi la Augustus, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland. Huko aliona kwamba wakubwa wake wameziba njia ya kupanda, basi akageukia filimbi. Alisoma miezi minne tu kwa Mfaransa mmoja, Buffardin. Kisha, tangu mwaka 1724 hata 1727, alitembea Italia, Ufaransa na Uingereza akiwasikiliza waliomzidi.

Filimbi yenyewe ilikuwa ya mti, nayo ilishikwa kwa kukingama, kama Wadigo wanavyoshika chivoti chao. Ni chombo kisichomficha mtu. Obo ina utete wa kutetema na fidla ina nyuzi, lakini mpiga filimbi hana ila midomo yake na pumzi yake. Pumzi ikipungua nguvu, sauti hushuka. Midomo ikilegea, sauti hupwaya. Kila mwenye masikio husikia. Ndiyo maana yafaa kuuliza habari za ukweli na uongo kwa mpiga filimbi: kosa lake limekwisha kusikiwa na wote chumbani kabla hajaliona mwenyewe, na lililobaki ni kujua nani atathubutu kulitaja.

Mwaka 1728 Quantz alisikiwa na Frederick, mwana wa mfalme wa Prussia, kijana wa miaka 16. Kijana alitaka kufundishwa. Baba yake, aliyependa askari kuliko kitu chochote, aliiona filimbi kuwa upuuzi usiomfaa mwanamume, kwa hiyo masomo yalifanywa kwa siri, na Quantz alisafiri kwenda kumfundisha mara mbili kwa mwaka. Husimuliwa kwamba siku moja mfalme alikuja ghafula, na mwalimu akasukumwa ndani ya kijichumba cha kuni, akajibanza humo akitetemeka mpaka hatari ikapita. Hadithi hiyo huchekesha, walakini mtu aliyetetemeka ndani ya kuni kwa ajili ya somo ameonyesha kwamba analithamini somo lile.

Frederick alipokwisha kutawala alimwita Quantz Berlin, naye akahamia mwaka 1741. Masharti yalikuwa ya ajabu. Alipewa thaler 2,000 kila mwaka, na juu yake malipo kwa kila utungo mpya na kwa kila filimbi aliyoitengeneza. Carl Philipp Emanuel Bach, aliyempigia mfalme kinanda, na ambaye wajuzi wengi leo humhesabu kuwa mtunzi mkubwa zaidi, alianza na thaler 300 tu. Mshahara haukupata kuwa kipimo cha ufundi tangu hapo, wala kabla ya hapo.

Hapa ndipo swali letu lilipomkabili Quantz. Ana nyumba, ana fedha, ana heshima, na vyote vimetoka katika mkono ushikao filimbi mbele yake. Kulikuwa na desturi moja katika chumba kile cha muziki: wanamuziki wote walinyamaza mfalme alipopiga, ila Quantz peke yake alikuwa na ruhusa ya kusema "bravo". Mtu mwepesi wa fikira atadhani kwamba hiyo ni ruhusa ya kubembeleza. Mimi naona kinyume chake. Mwenye ruhusa ya kusifu, akinyamaza, kimya chake ni hukumu. Wenzake wakinyamaza, hawakusema neno. Quantz akinyamaza, amesema. Tena husimuliwa kwamba mfalme alipokosea, mzee alikuwa akikohoa, na mfalme alifahamu sana kwamba kifua cha mwalimu wake hakina ugonjwa.

Wako walimu, na katika chuo cha ualimu nilikutana na baadhi yao, wanaodhani kwamba ukali ndio ukweli, nao hawatoi sifa kabisa ili wasionekane laini. Hao nao wamemnyima mwanafunzi kipimo, kwa sababu kimya kisichovunjwa kamwe hakina maana kuliko kelele za sifa. Quantz alijua mahali pa kuweka neno lake. Kitabu alichokitoa mwaka 1752 juu ya kupiga filimbi kina sura 18, na sehemu kubwa haihusu filimbi peke yake, bali yote ampasayo mwanamuziki. Sura ya mwisho inafundisha jinsi ya kuwahukumu wanamuziki na muziki wao. Mtu aliyelishwa na mfalme mmoja alikaa kitako akawaandikia watu wote namna ya kupima kazi, hata kazi yake mwenyewe.

Walakini sitaki kumpamba kupita kiasi. Tangu alipoingia Berlin, mpigaji aliyesikiwa miji mingi alikuwa mtu wa chumba kimoja. Alimtungia mfalme kama kocheti 300, na mfalme alizirudia kwa zamu, jioni baada ya jioni, miaka nenda miaka rudi, huku nje muziki wa Ulaya ukibadilika. Bach aliondoka mwaka 1768 kwenda Hamburg. Quantz alibaki. Nashuku kwamba kilichompunguza hakikuwa fedha, bali kwamba yeye hakuwa na mtu wa kukohoa. Mfalme alikuwa na Quantz. Quantz alikuwa na nani? Mwanafunzi wake aliupenda mno utungo wake hata hakutaka mwingine, na mapenzi ya namna hiyo humdhuru mwalimu kuliko uadui.

Mwaka 1772 Mwingereza Charles Burney, mwandishi wa habari za muziki, alifika Potsdam akasikiliza jioni moja. Mfalme alikuwa na miaka 60, na mwalimu 75. Burney aliusifu upigaji wa mfalme, lakini aliona pia kwamba vipande vingine virefu, vilivyotungwa zamani kwa kifua cha kijana, sasa vilimlazimu kuvuta pumzi kabla havijaisha. Quantz alikuwapo, akitoa ishara ya mkono kila wimbo ulipoanza, na mfalme alipomaliza alisema "bravo" kama zamani.

Je, hapo alisema uongo? Pumzi ilikatika, na masikio ya Quantz hayakukosa kuisikia. Lakini naamini alikuwa akimpima mzee yule kwa uzee wake, si kwa kijana aliyemfundisha kwa siri, na kwa kipimo hicho neno lilikuwa halali. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Quantz alifariki, na katika chumba kile hakubaki mwenye ruhusa ya kulisema.